Kisu cha Okapi mfukoni mwa babu

Wengi wetu hapa Mubuku tulikijua kile kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao, chapa Okapi, mfukoni mwa babu. Jina lile ni la kwetu. Okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri, ng'ambo ya Rwenzori. Mwaka 1901 Harry Johnston, mkubwa wa Waingereza Uganda, alituma London ngozi na mafuvu mawili ya okapi aliyopewa na maofisa wa Kongo. Mwaka uliofuata, huko Solingen, Ujerumani, wakaanza kutengeneza kisu chenye jina hilo, cha kuuza Afrika.

Babu alikimenyea muhogo, akachongea fimbo, kisha akampa baba. Vita vilipokuja, shamba halikubebeka. Kisu kilibebeka.

Ndugu wafanyakazi wa misaada, tunaelewa: kisu ni silaha pia, na kambini kuna watoto. Lakini mkikichukua, andikeni jina la mwenyewe kwenye karatasi mkifunge nayo, siku moja arudishiwe. Kwa familia zingine, hicho tu ndicho kitu cha marehemu kilichovuka mpaka.