Kwa Nini Wamatengo Walibaki Mlimani

Milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma, imesimama mashariki mwa Ziwa Nyasa, na sehemu kubwa ya makazi yake iko kati ya mita 1,300 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Historia ya vijiji vyake kwa kawaida husimuliwa kwa sentensi moja: Wangoni waliingia Songea katikati ya karne ya 19, wakavamia majirani zao, na Wamatengo wakakimbilia milimani ambako walikwama mpaka leo. Sehemu ya kwanza ya simulizi hiyo ina ukweli mwingi. Falme za Kingoni za Njelu na Mshope ziliishi kwa nguvu ya majeshi yao, na makorongo, mapango na miinuko ya Umatengo yalikuwa ngome kwa watu wasio na jeshi la kulingana nao. Sehemu ya pili ndiyo ninayoipinga. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni mjini Songea kwa kushiriki vita vya Maji Maji, na uwezo wa falme zile wa kuwavamia jirani ukaisha. Tangu siku hizo hapakuwa na jeshi la kumzuia Mmatengo kushuka bondeni, ambako ardhi tupu ilikuwepo. Wengi hawakushuka kwa zaidi ya nusu karne. Mtu aliyekwama huondoka kizuizi kikiondolewa, kwa hiyo jibu la kubaki kwao lazima litafutwe kwingine, nami naamini limo ndani ya udongo wenyewe.

Mwinuko wa Umatengo ni mkali kiasi kwamba shamba lililolimwa kwa jembe la kawaida lingesombwa na mvua za misimu michache. Wenyeji walijibu hatari hiyo kwa ngolo. Mvua zinapokaribia mwisho, karibu na mwezi wa Machi, wanaume hufyeka nyasi zilizostawi shambani, huziacha zinyauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima uwe na miraba yenye upana wa mita moja na nusu hivi. Kinamama huingia na majembe, huchota udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi, na humo humo maharage hupandwa. Kazi ikikamilika, mlima wote una mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikipiga, maji hayapati njia ya kuteremka kwa kasi: hutua shimoni, huacha tope lake humo, kisha huzama taratibu ardhini. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Maharage yakishavunwa, mahindi hupandwa kwenye matuta yale yale mwishoni mwa mwaka, na baada ya mavuno ya mahindi shamba hupumzishwa kidogo ili nyasi zirudi na ngolo ichimbwe upya. Mzunguko huchukua miaka miwili, ndiyo maana kaya huhitaji walau mashamba mawili yanayopishana, moja la maharage na jingine la mahindi.

Kilimo cha namna hii hakiwezi kutenganishwa na mpango wa ardhi. Ukoo ulimiliki ntambo, yaani mgongo wa mlima uliobanwa na vijito viwili, kuanzia msitu wa juu hadi unyevu wa bondeni. Nyumba zilijengwa katikati, ngolo zikaenea ubavuni, na bustani za mboga zikawa chini karibu na maji. Wanaume wa ukoo walikula pamoja katika sengu, na hapo hapo migogoro ilisuluhishwa, vijana wakafundishwa, na ugawaji wa mashamba ukajadiliwa. Katika mazingira kama hayo kuhama si kubeba mizigo tu. Ni kuacha udongo uliojengwa kwa mikono ya vizazi na baraza linalothibitisha kwamba udongo huo ni wako.

Kuna pingamizi zito linalotoka Mbulu, kwa Wairaki. Huko pia ilisemwa kwa muda mrefu kwamba Wamaasai waliwazingira watu mlimani, wakasongamana, na msongamano ukawalazimisha kulima kwa ustadi. Mwaka 2004 mtafiti Lowe Börjeson alichapisha kazi iliyolitilia shaka simulizi hilo la kuzingirwa. Alionyesha kwamba mashamba bora yanaweza kujengwa kidogo kidogo, kwa kazi ya kila msimu, bila adui kusimama mlangoni. Msomaji anaweza kuuliza kama hoja hiyo haiwafuti Wangoni katika historia ya ngolo. Kwa maoni yangu haiwafuti, bali inawaweka mahali pao. Vita vinaweza kueleza kwa nini watu walipanda na kusongamana mlimani. Haviwezi kueleza kwa nini mteremko ulizidi kuwa na rutuba miaka hamsini baada ya vita kwisha. Kilichoendelea ni ile kazi ya msimu kwa msimu, na kadiri ilivyorundikana ndivyo ilivyozidi kuwa ghali kuiacha.

Serikali za kikoloni ziliusukuma mlima huu upande ule ule. Mwaka 1902 Wamatengo walipigana na Wajerumani huko Litembo wakashindwa, na kodi ikafuata. Kodi ilidai fedha taslimu, na miaka ya 1920 mibuni ya arabika ilianza kupandwa karibu na nyumba, kwa kuwa baridi ya juu iliifaa kuliko joto la bondeni. Kuanzia hapo mlima uliotoa chakula ulitoa pia fedha. Mwaka 1938 ofisa A. H. Pike aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu namna Wamatengo walivyohifadhi udongo wao, jambo lililostahili kusomwa na maofisa wenzake wengi zaidi, maana Uluguru serikali ilikuja kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi hadi ghasia za 1955 zikauvunja mradi huo.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi. Sifa za ngolo zimeandikwa sana na watu wasiozichimba, na ni rahisi kusahau nani aliinama. Kufyeka ni kazi ngumu, lakini huisha mapema. Kugeuza udongo wa mteremko mzima kwa jembe la mkono ni kazi ya wiki nyingi, na iliwaangukia wanawake, waliokuwa pia na kuni, maji na watoto, huku kahawa na fedha zake zikiwa mikononi mwa wanaume. Hili halipunguzi ubora wa ngolo kama teknolojia, ila linasahihisha hesabu yake. Tunaposema utajiri wa Umatengo ulikuwa kazi iliyohifadhiwa ardhini, ni haki kutamka kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na kwamba urithi wa mashamba hayo ulipitia kwa watoto wa kiume.

Walioanza kuondoka, hasa tangu miaka ya 1960, waliondolewa na wingi wao wenyewe. Ntambo iliyogawanywa kwa wana na wajukuu haikutosha tena, na vijana wakashukia mashariki, kwenye miombo iliyokuwa haijalimwa. Kisha soko huria la miaka ya 1990 liliyumbisha ushirika na mikopo ya mbolea, na kahawa isiyotunzwa ikawafanya wengine wafungue mashamba mapya ya chakula. Barabara ya lami iliyofika Mbinga na baadaye kuteremka hadi Mbamba Bay imefupisha safari, lakini wimbi hilo la kuhama lilikuwa limekwishaanza miongo kadhaa kabla yake. Huko bondeni wengi waliendelea kuchimba ngolo pale ardhi ilipoinama, na palipokuwa tambarare matuta ya kawaida yakachukua nafasi. Walikuwa na ujuzi wa kuchagua, na waliutumia.