Redio iliyodhaniwa msaliti

Nimekuwa kimya kidogo, si kwa kupenda. Wiki iliyopita nilikesha nikitafuta kwa nini seva fulani inaanguka kila usiku. Nikapata kosa kwenye programu, nikalirekebisha, nikalala fofofo. Asubuhi nakuta seva imeanguka tena! Kosa lilikuwepo kweli, ila silo lililoiangusha.

Nikakumbuka kisa cha Metox.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, nyambizi za Ujerumani ziliibuka usiku kuchaji betri, na ndege za Uingereza zikawa zinazifuma kwa rada. Kuanzia Agosti 1942 nyambizi zikapewa Metox, redio iliyotengenezwa Paris. Antena yake ilikuwa msalaba wa mbao uliofungwa nyaya. Kabla ya kuzama, baharia aliushusha ndani kwa mikono. Redio ikinasa mawimbi ya rada ya mita 1.5, nahodha anapiga mbizi. Ilisaidia sana.

Mwaka 1943 mambo yakageuka. Mwezi wa Mei pekee zilipotea nyambizi zaidi ya 40, na mara nyingi ndege zilitokea bila Metox kutoa onyo lolote. Mkuu wa jeshi la majini, Karl Dönitz, na wataalamu wake wakaishuku redio yenyewe. Ndani ya redio za aina hiyo kuna saketi inayozalisha mawimbi yake, ambayo huchanganywa na yale yanayoingia ili kuyashusha hadi masafa rahisi kukuza. Walipoipima, wakakuta mawimbi hayo yanavuja kupitia antena. Redio ya kusikiliza nayo ilikuwa inasema! Agosti 1943 ikapigwa marufuku.

Kipimo kilikuwa sahihi, hitimisho likawa kosa. Waingereza walikuwa wameanza kutumia rada ya sentimita 10, ambayo Metox haikuweza kuisikia. Tena Wajerumani walikuwa wameiokota rada ya namna hiyo kwenye mabaki ya ndege karibu na Rotterdam, Februari 1943. Zaidi ya hayo, ujumbe wao wa siri wa Enigma ulikuwa ukisomwa, nao wakaendelea kuuamini hadi vita vikaisha. Mabaharia ndio waliolipa.

Yangu mimi ilikuwa diski tu, ilijaa kila nakala za usiku zilipoanza kuhifadhiwa. Basi ndugu msomaji, ukipata kosa usishangilie haraka. Jiulize kwanza kama linaeleza yote yaliyotokea.

Wiki njema.