Mtoto wa Oslo aliyeandika nani kamdonoa nani

Kama umekulia kwenye nyumba yenye kuku wa kienyeji, unajua kwamba kuku hawafanani tabia. Kuna yule anayeingia mpaka jikoni kudokoa unga wakati wenzake wameishia mlangoni. Kuna mwoga, sufuria ikianguka tu humwoni tena mpaka jioni. Na kuna mbabe, akifika kwenye pumba wote wanampisha. Bibi yangu alikuwa hahesabu kuku wakati wa kufunga banda. Alikuwa anatupa jicho mara moja, kisha anauliza, "Yule kibutu yuko wapi?"

Mtu aliyeuingiza ujuzi wa namna hii kwenye sayansi alianza akiwa mtoto. Anaitwa Thorleif Schjelderup-Ebbe (jina gumu, tuvumiliane), aliyezaliwa mwaka 1894 huko Kristiania, mji mkuu wa Norway ambao leo unaitwa Oslo. Wazazi wake wote wawili walikuwa wachongaji wa sanamu, lakini mtoto akapenda kuku. Alipofika miaka kama 10 hivi akaanza kujaza daftari: leo nani kamdonoa nani.

Inaonekana kazi ya kitoto, ila hebu ijaribu. Huwezi kuandika nani kamdonoa nani kama kwako wote ni "kuku" tu. Lazima kwanza umjue kila mmoja kwa sura, yaani upanga wake mwekundu wa kichwani, macho, rangi, mwendo. Halafu ukae. Siku moja haitoshi, maana kuku wawili wanaweza kushinda kutwa nzima bila kugusana.

Aliendelea na daftari hilo mpaka akawa mtu mzima, na mwaka 1922 matokeo yakachapishwa kwa Kijerumani kwenye jarida la saikolojia. Alichosema ni hiki: chukua mitetea wowote wawili wanaoishi pamoja, mmoja ana haki ya kumdonoa mwenzake, na mwenzake hajibu. Jambo hilo huamuliwa mapema, mara nyingi siku wanayokutana. Ama wanapigana, ama mmoja ananywea tu bila vita. Baada ya hapo hakuna haja ya ugomvi kila siku. Anayejua nafasi yake anasogea. Ndio huo mpangilio wa kudonoana ambao siku hizi watu wanautumia hata kuelezea mambo ya ofisini.

Nani anashinda? Ukubwa wa mwili haukutosha kueleza. Umri ulihesabika, afya ilihesabika, na kujiamini pia. Mgeni anayeletwa kwenye banda la wengine alianza na hasara hata kama ana mwili mkubwa. (Jogoo la shamba haliwiki mjini, wazee walishamaliza.)

Kuna sehemu ya daftari lile ambayo mimi naipenda kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Ngazi haikuwa imenyooka kila mara. Tuwape majina ya kwetu: Madoa anamdonoa Kishingo, Kishingo anamdonoa Kibutu, halafu Kibutu huyohuyo anamdonoa Madoa! Sasa mkubwa nani? Hakuna. Pembetatu kama hiyo huwezi kuieleza kwa kusema tu "mwenye nguvu yuko juu". Inabidi urudi kuuliza wale wawili walikutanaje siku ya kwanza, nani alikuwa mgonjwa, nani aliogopa. Yaani inabidi urudi kwa kuku mmojammoja.

Kwamba kuku wenyewe wanatambuana, hilo lilipimwa vizuri baadaye. Mwaka 1953 Guhl na Ortman huko Marekani waliwabadilisha kuku sura na kuwarudisha kwa wenzao. Mabadiliko ya kichwani na shingoni ndiyo yaliyovuruga zaidi: kuku aliyeishi nao jana leo anapokelewa kama mgeni, vita vinaanza upya.

Mwenye daftari mwenyewe mambo hayakumwendea vizuri. Alikosana na mwalimu wake chuoni, Kristine Bonnevie, na milango ya kwao ikafungwa. Udaktari akaupatia Ujerumani, Greifswald. Alifariki mwaka 1976 bila kuwahi kuwa profesa Norway. Wengi wanaosimulia kisa hiki husema kwa utani kwamba naye alidonolewa. Mimi utani huo haunikai sawa. Bonnevie alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa nchini Norway, mwaka 1912, kwa hiyo na yeye alijua kusimama mahali ambapo wengine wote ni wenyeji.

Kosa lake ninaloliona ni jingine. Kwenye sura aliyoandika kwa ajili ya kitabu kikubwa cha saikolojia ya jamii mwaka 1935 alifika mpaka kudai kwamba ubabe ndio msingi wa ulimwengu wote. Jamani! Mtu aliyeziona pembetatu kwa macho yake. Na watu wakaichukua ngazi, kuku wakaachwa.

Waliwarudia polepole. Mwaka 2014 Favati, Leimar na Løvlie walichapisha utafiti wa majogoo huko Sweden. Kwanza walimpima kila jogoo tabia. Kisha wakawapambanisha wawiliwawili, wakihakikisha wanaopambana wanalingana maumbile. Walioelekea zaidi kutawala ni wale waliokuwa wepesi kukagua mahali pageni, au waliobaki macho muda mrefu baada ya kusikia mlio wa hatari. Na tabia hizo mbili hazikwenda pamoja. Jogoo mdadisi si lazima awe ndiye mwangalifu, kila mmoja anapanda kwa njia yake. Ukali wenyewe haukuhusiana sana na tabia hizo.

Mwaka uliofuata, 2015, watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba alfajiri anayeanza kuwika ni jogoo wa juu, wengine wanafuata kwa zamu ya vyeo vyao. Wakimwondoa, anaanza wa pili. Kwa hiyo kama nyumbani kuna majogoo zaidi ya mmoja, kesho jogoo la kwanza likiwika usigeuke upande wa pili. Sikiliza ni la nani, uandike.