Sahani za kale za Lenox: geuza uone mgongoni

Wadau, mtu akikuletea sahani ya kauri ya Kimarekani akadai ni ya kale, maua achana nayo kwanza. Igeuze. Lenox, kiwanda alichoanzisha Walter Scott Lenox kule Trenton, New Jersey, mwaka 1889, walikuwa wanapiga mhuri wa herufi L ndani ya shada la majani. Shada la kijani lilianza 1906. Ukikuta na maneno Made in USA, hiyo ni ya miaka ya 1930 au baadaye. Mhuri wa dhahabu? Miaka ya 1950 kuja huku, kwa hiyo akisema ni ya enzi za babu wa babu yake, unaingizwa mjini!

Mimi kinachonigusa ni hiki: seti ya kwanza ya Ikulu ya Marekani kutengenezwa Marekani kwenyewe iliagizwa kwa Lenox mwaka 1918, enzi za Rais Wilson, vipande 1,700. Mzee Lenox alikuwa ameshapofuka. Akafariki 1920. Kiwanda chao cha mwisho nchini humo, kule Kinston, North Carolina, kilifungwa 2020.

Halafu zenye ukingo wa dhahabu usitie kwenye maikrowevu jamani, zinatoa cheche.