Keff Joinange: Kikaragosi kilichowahoji wakubwa

KEFF Joinange ni kikaragosi cha mpira kilichokuwa kikisoma na kuchambua habari za siasa katika The XYZ Show, kipindi cha vichekesho kilichoanza kurushwa na televisheni ya Citizen ya Kenya Mei 2009.

Jina hilo limepatikana kwa kubadilishana herufi za mwanzo za Jeff Koinange, mwandishi wa Kenya aliyejipatia umaarufu akiripoti habari za Afrika kwa kituo cha CNN.

Mwanzilishi wa kipindi ni mchora katuni Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kuhamia Nairobi mwaka 1992. Mfano aliuchukua Ufaransa, katika kipindi cha Les Guignols de l'info kilichorushwa na Canal+ kuanzia 1988 hadi 2018. Huko nako msomaji wa habari alikuwa kikaragosi, PPD, aliyemwiga mtangazaji Patrick Poivre d'Arvor.

Wakati wenyewe haukuwa mwepesi. Kenya ilikuwa imetoka katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100, na mahasimu walikuwa wameketi katika serikali moja ya mseto. Wananchi waliozoea kuwaona viongozi wakiogopwa au kupiganiwa, sasa waliwaona wakichekwa. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Na viongozi wa kuchaguliwa huchongwa na wapiga kura.

Kwa wakazi wa Tanga mbinu hii si ngeni. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliitumia katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Nchi yake ilielea angani na mshtakiwa wake, Karama, alikuwa wa kubuni. Hata hivyo, kesi ya mtu anayeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria ilieleweka vema ardhini.

Ndiyo kazi ya mhusika wa kubuni: husimama kati ya msemaji na mtawala. Joinange aliweza kuuliza swali ambalo mtangazaji wa kweli angelimeza, kwa kuwa kikaragosi hakina kazi ya kupoteza.

Lakini aliyekiunda anayo. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilizuia usambazaji wa gazeti la The EastAfrican kwa maelezo kuwa halikusajiliwa nchini. Muda mfupi kabla, gazeti hilo lilikuwa limechapa katuni ya Gado kuhusu Rais Jakaya Kikwete. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado na kampuni ya Nation haukuendelea.

Anayechekesha kwa sura yake mwenyewe hana hata ngao ya mpira. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa Dar es Salaam baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli. Mashtaka aliyosomewa mahakamani yalihusu usajili wa laini ya simu.

Kikaragosi, basi, humsitiri msemaji pale jukwaani tu. Taa zikizimwa, kinarudishwa kabatini, na mwenye mkono uliokichezesha anarudi nyumbani kwa jina lake halisi.