Ruhanga

Ruhanga ni jina la Mungu muumba katika dini ya jadi ya Wanyoro, Watooro, Wanyankole na Wakiga wa Uganda, pamoja na Wahaya na Wanyambo wa mkoa wa Kagera, Tanzania. Wanyambo ni wenyeji wa wilaya za Karagwe (ilipo kata ya Ihembe) na Kyerwa. Jina hilo latokana na kitenzi *okuhanga*, yaani kuumba.

Sifa zake

Sifa za Ruhanga hutajwa kwa majina. Rugaba ni "mgawaji", kutoka *okugaba*. Kazoba lahusiana na jua. Lakini kwa Wahaya Kazoba husimuliwa pia kama mwana wa Wamara, mfalme wa Wachwezi. Hivyo si rahisi kusema sifa ya Mungu inaishia wapi na nafsi nyingine inaanzia wapi.

Kujitenga kwake

Katika masimulizi ya Bunyoro, Ruhanga aliishi duniani pamoja na nduguye Nkya. Aliwajaribu wana watatu wa Nkya kwa kuwapa vyungu vya maziwa wavishike usiku kucha. Kakama akapewa utawala, Kahuma ng'ombe, Kairu kilimo. Kisha Ruhanga akaenda zake mbinguni. Shida za kila siku zilipelekwa kwa roho za Wachwezi, kama Mugasha, bwana wa ziwa. Ruhanga mwenyewe hakuwa na makuhani.

Baadhi ya wageni walioandika habari hizo walimwona kuwa Mungu asiyejishughulisha na watu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Watoto huitwa Byaruhanga ("ni vya Ruhanga") na Byarugaba, majina yanayomkiri kuwa mwenye vyote hata sasa. Biblia ya Kinyoro ya 1912 nayo ilitumia jina Ruhanga.

Swali kama hilo liliwagawa Wayahudi wafuasi wa Kabala. Isaac Luria (1534–1572), aliyefundisha Safed huko Galilaya, alisema kwamba Mungu asiye na mwisho alijikunja ili ulimwengu upate nafasi. Je, aliondoka kweli? Shneur Zalman wa Liadi (1745–1812) alikana: nuru yake ilifichwa tu, na hakuna mahali asipokuwapo. Kufanana huku hakuonyeshi asili moja. Sefiroti kumi za Kabala ni njia ambazo Mungu hujidhihirisha. Wachwezi husimuliwa kuwa walitawala kama wafalme kabla ya kutoweka.