Haki, Zamu na Kibali: Lugha ya Kugawana Maji katika Bonde la Pangani

Mwaka 1991 ilianzishwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Msingi wake wa kisheria uliwekwa miaka kumi kabla, pale marekebisho ya mwaka 1981 yalipoiongezea Sheria ya Matumizi ya Maji Na. 42 ya mwaka 1974 utaratibu wa kuigawa nchi katika mabonde. Mabonde hayo ni tisa. Tangu hapo, mpaka wa kupangia maji haukuwa tena mpaka wa wilaya wala wa mkoa, bali mteremko ambao maji yenyewe huufuata. Historia ya mpango huo imeandikwa zaidi na wahandisi, wachumi na wanasheria. Maneno yaliyotumika kuuandika mpango huo nayo yana historia yake, na hayo ndiyo yanayochunguzwa katika mhadhara huu. Hoja yake ni moja: kwamba serikali na wakulima wa Pangani walipobishana juu ya maji, aghalabu walikuwa wakibishana juu ya kipimo. Serikali iligawa kiasi. Wakulima waligawa muda. Kiswahili cha kiofisi kilipochagua istilahi zake kilikiacha nje kipimo cha wakulima, nacho kilikuwa na jina la Kiswahili fasaha, yaani zamu.

Inafaa kuanza na neno bonde lenyewe. Kwa msemaji wa kawaida, bonde ni ardhi ya chini iliyo kati ya miinuko, penye rutuba na unyevu. Wabondei, ambao nchi yao iko kati ya milima ya Usambara na pwani, wamepata jina lao kwa maana hiyo hiyo. Lakini katika istilahi ya mipango, bonde ni eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja, vilele vikiwemo. Kwa hesabu hiyo kilele cha Kibo, upande wake wa kusini, kimo ndani ya Bonde la Pangani. Mkulima wa Marangu aliyeambiwa kwamba yeye ni mkazi wa bonde alikuwa na haki ya kushangaa, kwani lugha yake ya kila siku iliyatenganisha barabara mambo mawili: kihamba cha migomba huko juu, na shamba la mahindi huko chini tambarare. Ofisi ilimtaka ajione kuwa jirani wa mtu wa Korogwe, ambaye hakuwahi kumwona, kwa sababu tu ya maji yanayopita kwake kwanza.

Jina la mto lilikuwa na utata kama huo. Pangani ni jina la mji ulioko mlangoni mwa mto, na wageni waliotoka baharini ndio waliolipandisha bara. Ndani ya nchi mto huo umejulikana pia kama Ruvu, na hadi leo jina hilo limebaki kwa mkono unaotoka Ziwa Jipe, penye mpaka wa Kenya, na kukutana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu. (Ruvu ya Bagamoyo ni mto mwingine kabisa, jambo ambalo limewachanganya wasomaji wengi wa ramani.)

Kabla ya ofisi, bali hata kabla ya ukoloni, palikuwa na mifongo. Mfongo, kwa Kichagga, ni mfereji unaochepusha maji kutoka kijito cha mlimani na kuyapeleka vihambani, pengine kwa mwendo wa kilomita kadhaa juu ya migongo ya vilima. Kila mfongo ulikuwa na waanzilishi wake, na ukoo wao ulikuwa na sauti ya kwanza. Aliyeshiriki kuuchimba na kuuzibua kila mwaka alipata zamu. Aliyekwepa kazi alipoteza zamu yake au alitozwa faini. Upande wa Upare palikuwa na ndiva, vibwawa vya udongo na mawe vinavyojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Ndiva za bonde la Makanya, wilayani Same, zinajulikana vyema katika fasihi ya kitaalamu.

Jambo la kuzingatia katika taratibu hizo ni kwamba hapakuwa na mtu aliyeahidiwa kiasi cha maji. Aliahidiwa wakati: asubuhi hadi adhuhuri ya siku fulani, au usiku mmoja kwa wiki. Kijito kikijaa, zamu yake ilileta maji mengi; kikipungua, ilileta machache, na upungufu uliwafikia wote. Zamu ni neno la watu wanaopokezana. Baharia hushika zamu, mlinzi hushika zamu, muuguzi huingia zamu, na kila mmoja wao anajua kwamba kuna aliyemtangulia na kuna atakayemfuata. Hamna njia ya kulitamka neno hilo pasipo kumkiri mtu wa pili.

Sheria za serikali zilianza kwa dhana nyingine. Waingereza walitunga sheria yao ya kwanza ya maji ya Tanganyika mwaka 1923, wakaifuatilizia nyingine mwaka 1948 na mwaka 1959. Hati zilizotolewa ziliwalenga hasa wenye mashamba makubwa, na ziliandikwa kwa ujazo unaopita kwa kila sekunde. Sambamba na hayo, mto ulipewa kazi mpya. Katika miaka ya 1930 palijengwa kituo cha kufua umeme kwenye maporomoko ya Pangani. Mwaka 1964 kikaja cha Hale. Na ili vituo hivyo vipate maji mwaka mzima, bwawa la Nyumba ya Mungu likajengwa katika muongo huo huo wa 1960. Kituo kipya cha Pangani, chenye uwezo wa megawati 68, kilianza kazi mwaka 1995. Bwawa lilizuia mafuriko ya msimu, na kinamasi cha Kirua, kilichokuwa kikitegemea mafuriko hayo kwa uvuvi na malisho, kikasinyaa. Tokea hapo kila lita iliyochepushwa mlimani ilikuwa na mdai wake huko chini, na mdai huyo alikuwa na mita ya kupimia.

Sheria ya mwaka 1974 ilitamka kwamba maji yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Aliyetaka kuyatumia zaidi ya mahitaji ya nyumbani alipaswa kuomba hati, na hati hiyo, kwa Kiswahili cha ofisini, iliitwa haki ya kutumia maji. Uteuzi wa neno haki ulikuwa na uzito wake. Haki, katika Kiswahili, haiombwi, hudaiwa. Mtu hunyimwa haki au hudhulumiwa haki, na mwenye kuitoa hasifiwi kwa ukarimu. Katika miaka ya 1990, maofisa wa bonde walipozunguka wakiwahimiza wenye mifereji waombe haki na walipe ada, walikuwa wakisema jambo lililojipinga katika masikio ya wasikilizaji. Vipi mtu aombe haki yake, tena ailipie kila mwaka? Jibu la wengi lilikuwa kwamba maji ni ya Mungu na mfereji ni wa babu zao. Jibu hilo lilihesabiwa kuwa ujinga wa sheria. Kwa upande wa semantiki halikuwa ujinga hata kidogo.

Ndipo lilipokuja neno kibali. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu, ikayapa mazingira nafasi ya pili, na baada yake ndipo matumizi mengine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 iliyofuata iliiacha haki ya maji na kuweka mahali pake kibali cha kutumia maji. Kwa hakika, kibali ni neno lililosema ukweli zaidi. Asili yake ni ile ile ya kukubali, na matumizi yake ya zamani ni kupata kibali machoni pa mkubwa. Kibali hushuka kutoka juu, kina muda, kina masharti, na chaweza kupunguzwa wakati wa ukame. Ila haki haikufutika kabisa. Sheria hiyo hiyo ilizitambua haki za kimila za maji. Kwa hiyo neno haki likabaki upande wa mila, na dola ikabaki na kibali: mgawanyo wa msamiati ambao pengine hakuna aliyeupanga, lakini unaonyesha wazi nani alikuwa akisema nini.

Kipimo, hata hivyo, kilibaki kile cha mwaka 1923. Kibali kiliendelea kutaja lita kwa sekunde, na lita kwa sekunde haziujui mwezi wa Oktoba. Kijito kinachotoa maji tele mwezi Mei chaweza kubaki na robo yake kabla ya vuli, na jumla ya vibali ikazidi maji yaliyomo. Hapo mwenye hati anayekaa juu huchukua kiasi chake chote bila kuvunja sheria, na mwenye hati anayekaa chini hubaki na karatasi.

Ujenzi uliongeza tatizo. Miradi ya kuboresha ile iliyoitwa mifereji ya asili ilijenga mabanio ya saruji mahali pa vizuizi vya mawe, magogo na nyasi. Kizuizi cha kienyeji huvuja. Mhandisi aliandika uvujaji huo katika safu ya hasara, lakini kwa mtu wa chini ya mto ndio uliokuwa mgao wake. Banio, kama jina lake lisemavyo, hubana.

Skimu ya Moshi Chini, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ilipata somo hilo kwa njia nyingine. Mpunga ulistawi humo hata majirani walioko juu ya mabanio wakaanza kulima mpunga nao, na maji yaliyopigiwa hesabu kwa ajili ya skimu yakaishia katika majaruba ambayo hayakuwa katika mpango.

Kuhusu maji chini ya ardhi, msamiati wa mipango ulikuwa duni zaidi. Sheria huyatenganisha na maji ya juu ya ardhi. Lugha ya watu ina kisima, ambacho huchimbwa, na chemchemi, ambayo hububujika yenyewe, na chemchemi ndiyo inayouvunja mgawanyo wa sheria. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya maji ya Kikuletwa hutoka katika chemchemi za tambarare, kama ile maarufu ya Chemka, nazo hulishwa na mvua iliyonyonywa na ardhi ya mlimani, hasa katika ukanda wa misitu. (Theluji ya Kibo, inayosifiwa sana, mchango wake ni mdogo.) Kisima kirefu kinachochimbwa leo kwa ajili ya mji au shamba kubwa chaweza basi kuwa kinachota mto wa kesho, ingawa kibali chake kimo katika jalada jingine. Na si kila tone lililoko chini lafaa kunywewa: pembezoni mwa Mlima Meru maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, na meno ya wenyeji yaliyobadilika rangi yametoa ushahidi huo kabla ya maabara.

Istilahi moja mpya inastahili sifa. Sheria ya mwaka 2009 iliweka chini ya bodi za mabonde kamati za vidakio. Kidakio kimeundwa kwa kitenzi daka kwa kanuni za Kiswahili chenyewe, nacho kinaeleweka: ni ardhi inayoidaka mvua. Ni ndugu wa vidaka, au zidaka kwa lahaja ya Lamu, vile vishubaka vya ukutani katika nyumba za mawe. Tofauti na bonde, kidakio hakimlazimishi mkazi wa mlimani ajione yuko chini.

Chini ya kamati hizo ziliwekwa jumuiya za watumia maji, na humo zamu imerudi kwa mlango wa nyuma. Katika vijito vya Mlima Meru, mathalani Nduruma, watumiaji wa juu na wa chini walipatana kupokezana siku na usiku, kila upande ukifunga mifereji yake ili wengine wapate. Hati za serikali zilihesabu lita, ilhali mapatano ya vijiji yalihesabu saa. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, na kazi ya kuzitafsiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ikapata msukumo mpya. Kibali na kidakio vina vifungu vyao vya kutafsiriwa. Zamu haina kifungu. Imeandikwa katika madaftari ya makatibu wa mifereji, kwa kalamu, pamoja na majina ya watu na saa zao.